Upelelezi Haujakamilika

Sheria niliisoma mara ya kwanza juu ya gunia la uwele,
darasa la sita, chemli ikivuta moshi:
hati ya mashtaka ya baba mdogo Ndahani,
imekunjwa mara nne, inanuka ugoro.
"Soma wewe mwenye shule," wakasema.
Ilikuwa ya Kiingereza.
Nilitambua neno la ng'ombe, na namba:
mia mbili sitini na nane.

Namba ile ilikaa nasi Mvumi miezi kumi na minne.
Kila tarehe mama alipanda lori la mkaa kwenda mahakamani
akarudi usiku na sentensi ileile:
Upelelezi haujakamilika.
Nilidhani Upelelezi ni mtu,
afisa fulani mnene asiyemaliza chai yake.

Ng'ombe mmoja alirudi mwenyewe kiangazi kile,
akanywa maji kama asiyedaiwa na yeyote.
Baba mdogo alirudi baadaye.
Hakusimulia kitu. Ila alikuwa akilala ameketi.

Basi nikasoma.
Zabibu za Hombolo, shamba la kukodi, zililipa ada
mwaka ambao ndege hawakuzimaliza.
Chuo kiko mlimani; upepo wa Dodoma
hukufunulia ukurasa kabla hujaumaliza uliopo.
Wenzangu walikariri Zaburi, mimi Kanuni ya Adhabu.
Kisha Dar, shule ya sheria kwa vitendo,
sapu mbili, moja ya maadili
(mama hajui hadi leo).
Niliapishwa ndani ya joho la kuazima,
la mwanamume mrefu. Nililikanyaga.

Miaka mitatu nikabeba mafaili ya wakili Msagala,
Barabara ya Saba, juu ya duka la vipuri.
Hakunifundisha kusema.
"Shahidi mwongo," aliniambia, "haogopi swali.
Anaogopa ukinyamaza."

Kesi ya kwanza nilipangiwa na mahakama. Mauaji.
Gereza la Isanga, meza yenye mguu mfupi,
Chilongani wa Bahi, miaka kumi na tisa.
Nilifungua jalada, nikatoa kalamu.
"Wakili," akauliza, "Bahi mvua imenyesha?
Mpunga wangu uko chini kabisa, karibu na mbuga."
Nikasema sijui.
Hilo ndilo swali lake pekee kwa mwaka na nusu.

Mama mkwe akauliza lake:
"Wewe unayetetea wauaji, usingizi unaupataje?"
Nilimwongeza chai.
Sitetei kisu, mama.
Nauliza nani alikiona, umbali gani, kwa taa ipi.

Kwa chemli, alisema shahidi wa pili,
iliyoning'inia mlangoni mwa kilabu.
Hatua ngapi? Ishirini. Kioo safi?
Akasita. Nikanyamaza.
Jaji naye akanyamaza, kalamu hewani.
"Kilikuwa na moshi," akasema shahidi,
"mafuta yalikuwa mabaya."
Taa hiyo naijua.
Niliwahi kuisogelea hadi nyusi zikaungua
na mwisho wa mstari sikuuona.

Chilongani aliachiwa. Alikimbilia basi la Bahi
bila kuaga, bila viatu.
Kama kisu kilikuwa chake, sijui.
Nje, mama wa marehemu alikuwa akikunja khanga
aliyokuwa ameikalia tangu asubuhi.
"Mbukwa," akanisalimu.
Nikaitika. Sikupata neno la pili,
mimi ninayelipwa kwa maneno
(malipo yenyewe yalikuja baada ya miezi tisa).

Juzi nilikwenda Mvumi.
Baba mdogo akatoa ile hati mfukoni;
siku zote hizo alikuwa nayo.
Nikamsomea yote, kwa Kiswahili, polepole,
kifungu, tarehe, mali iliyodaiwa kuibwa.
Alisikiliza mpaka sahihi ya mwisho.
"Kumbe hata rangi ya ng'ombe walikosea," akasema,
akaikunja tena, mara nne.